Lori la asidi lilipinduka juu ya shamba letu: je, mvua imeshaiosha?

SWALI: Mimi ni mkulima kando ya barabara ya Likasi kwenda Kolwezi. Mwezi wa kumi na moja lori la asidi lilipinduka sehemu ya juu ya shamba letu. Tuliambiwa zimemwagika tani 10. Wenye mzigo walileta mifuko 40 ya chokaa, kila mmoja kilo 50, wakaimwaga kando ya barabara, wakaondoka. Asidi ilishuka shambani mpaka kijitoni na samaki walikufa siku ileile. Sasa mvua zimekatika, na maji ya kijito ni meupe, maangavu kuliko nilivyowahi kuyaona. Majirani wanasema mvua imeosha yote. Je, tunaweza kuyanywa na kumwagilia? Tupande nini? Samaki watarudi? Na kisima chetu kiko chini ya shamba, kama mita 80 kutoka pale ilipomwagika.

JIBU: Mama, poleni sana kwa hasara. Nianze na yale yasiyoweza kusubiri, halafu nieleze sababu zake. Maji ya kijito msinywe, wala msimwagilie lengalenga na mboga nyingine za majani, hadi yapimwe maabara. Kisima kipimwe mwezi huu, na kiendelee kupimwa hata kama majibu ya kwanza yatakuwa mazuri. Na ule mkanda wa shamba uliopitiwa na asidi usipandwe kitu cha kuliwa msimu ujao kabla haujatiwa chokaa ya kutosha, tena iliyochimbiwa ndani ya udongo, siyo iliyonyunyizwa juu.

Majirani wako wana nusu ya ukweli. Asidi yenyewe, ile iliyokuwa ndani ya tangi, kwa sehemu kubwa haipo tena. Lakini siyo mvua iliyoiondoa. Ililiwa na udongo wenu, na udongo ulilipa gharama kwa mali yake mwenyewe.

Tupige hesabu, kwa sababu hesabu hii itakusaidia pia siku ya kukaa na wenye mzigo. Asidi inayosafirishwa kwenda kwenye viwanda vya migodi huko kwenu kwa kawaida ni asidi ya salfuriki ya asilimia 98. Ni nzito mno. Lita moja ina uzito wa kilo 1.84, kwa hiyo tani 10 ni kama lita 5,400 tu, zinazoweza kukaa ndani ya tangi moja kubwa la plastiki la nyumbani. Ukitaka kuizimua kwa maji matupu hadi ifike pH 4 (pH ni kipimo cha uchachu: 7 si chachu, na namba ikishuka uchachu unazidi), ambayo bado ni kali kiasi cha kuua samaki wengi, utahitaji maji yapatayo lita bilioni 2. Mvua ya mwaka mzima ya Katanga, tuseme milimita 1,200, inaangusha juu ya hekta moja lita milioni 12. Kijito kinachopitisha lita 50 kila sekunde kingehitaji zaidi ya mwaka mmoja na robo kupitisha lita hizo bilioni 2. Ajali ilitokea Novemba. Kwa hiyo habari ya kuoshwa na mvua haisimami.

Sasa chokaa. Ili kuua tani 10 za asidi hiyo, unahitaji tani 10 hivi za mawe ya chokaa yaliyosagwa, tena safi. Ikiwa ni chokaa iliyozimwa, ile ya ujenzi, inatakiwa kama tani saba na nusu. Mifuko 40 ya kilo 50 ni tani mbili. Hata tukiwapa heshima yote, tukasema ilikuwa chokaa bora iliyozimwa na kila chembe yake ilikutana na asidi, iliweza kuua robo tu na ziada kidogo. Na haikukutana nayo yote, kwa sababu ilimwagwa kando ya barabara wakati asidi ilikuwa imeshateremka. Chokaa ya namna hiyo hupendwa kwa sababu inaonekana vizuri kwenye picha za ripoti: ardhi nyeupe, kazi imefanyika.

Hizo robo tatu zilizobaki zilikwenda wapi? Udongo wa huko ni mwekundu, wa kale sana, uliochujwa na mvua kwa miaka isiyohesabika. Wekundu wake ni kutu ya chuma. Kalsiamu yake ni kidogo, na hata kabla ya ajali pH yake huenda ilikuwa karibu na 5, yaani udongo uliokuwa tayari na uchachu wake. Asidi kali ikiingia katika udongo, hutafuta kwanza chokaa ya asili. Kwenu haikuipata. Ikageukia kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zilizoshikwa na chembe za udongo wa mfinyanzi, ikaziachisha, nazo zikateremka na maji. Hicho ndicho chakula cha mahindi yenu kilichokwenda kijitoni. Vilipokwisha, ikaanza kuvunja mfinyanzi wenyewe, na ndani ya mfinyanzi kuna alumini.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. Alumini imejaa katika kila udongo, na ikiwa imefungwa ndani ya mfinyanzi haimdhuru mtu. pH ikishuka chini ya 5, na hasa chini ya 4.5, inaanza kuyeyuka. Iliyoyeyuka ni sumu kwa ncha za mizizi. Mizizi hukoma kurefuka, huvimba na kuwa mifupi. Vilevile huikamata fosforasi kabla mmea haujaipata. Ndiyo maana katika udongo wa namna hii mahindi huota vizuri kwanza, yakitumia chakula kilichomo ndani ya mbegu, mwenyewe ukafurahi, halafu baada ya wiki chache yanadumaa na kingo za majani zinageuka zambarau. Mwenye shamba husema mbegu ilikuwa mbaya. Kama theluthi moja tu ya asidi ambayo chokaa haikuifikia iliishia kuyeyusha alumini, hapo shambani na kijitoni zimefunguliwa kilo zaidi ya 400 za alumini.

Na hiyo ndiyo siri ya maji meupe. Watu wengi wa pwani na wa vijijini wanaijua shabu, lile jiwe la chumvi linalokorogwa kwenye maji ya tope ili tope lishuke chini. Shabu ni chumvi ya alumini na salfeti. Ajali ile imewatengenezea kitu cha jamaa moja na shabu: asidi ya salfuriki imekutana na mfinyanzi, ikatoa alumini na salfeti, na mchanganyiko huo umeshuka kijitoni ukagandisha tope lote. Ongeza kwamba vijimea vinavyoyapa maji rangi ya kijani vimepungua, na wadudu wanaochimba matope wamekufa. Maji yamebaki kama kioo. Kijito chenye afya katika nchi ya udongo mwekundu hakiwi hivyo mwezi wa nne. Nikiambiwa kijito kimekuwa cheupe ghafla baada ya ajali ya asidi, wasiwasi wangu unaongezeka.

Unaweza kujihakikishia kwa macho kabla ya maabara. Fuata kijito mpaka pale kinapoungana na kijito kingine ambacho hakikuguswa. Kama mawe ya hapo yamepakwa utando mweupe laini, hiyo ni alumini inayoganda maji ya uchachu yanapokutana na maji mazuri. Utando wa rangi ya machungwa ni chuma. Makutano kama hayo ni mahali pabaya zaidi kwa samaki kuliko maji ya juu yake, kwa sababu alumini huganda juu ya matamvua yao, makamasi yanajaa na samaki anakosa pumzi akiwa ndani ya maji yanayotiririka. Uchachu peke yake huua kwa njia nyingine: matamvua hushindwa kushikilia chumvi ya mwilini, inavuja nje, damu inaharibika. Waliokufa siku ya kwanza inawezekana wengi wao waliunguzwa tu. Hao wa baadaye, ambao hamkuwaona, walikufa kwa njia hizi mbili. Na mayai ya samaki wengi hayaanguliwi pH ikiwa chini ya 5, kwa hiyo hata samaki mkubwa akionekana amevumilia, kizazi hakipo.

Sasa jambo ambalo ni la kwenu hasa. Asidi ya namna hii ikimwagika katika nchi isiyo na madini, tatizo kubwa ni alumini na chuma. Ninyi mnakaa juu ya shaba na kobalti. Asidi hiyo inaletwa huko kwa kazi hiyohiyo: viwandani huyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe ya kijani na meusi yaliyosagwa. Ikimwagika shambani haisahau kazi yake. Kama udongo wenu, au vumbi lililotua juu yake miaka yote hii, au kifusi kilichotumika kujengea barabara, una shaba, kobalti, manganizi, risasi au urani, asidi imeviamsha. Tazama ukingoni kama kuna ule mmea mfupi wa maua ya zambarau ambao wataalamu huuita Haumaniastrum katangense na wengi huuita ua la shaba. Ukimea wenyewe kwa wingi, udongo huo una shaba nyingi. Basi mwambie mtu wa maabara atafute shaba na kobalti tangu mwanzo, asiishie kwenye pH.

Nasisitiza hivyo kwa sababu ya yaliyotokea ng'ambo ya mpaka. Tarehe 18 Februari 2025 huko Chambishi, Zambia, bwawa la mabaki ya mgodi wa shaba la kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia lilipasuka, na maji ya asidi na madini, yaliyotajwa kuwa lita milioni 50, yakaingia kijito cha Mwambashi na kutoka hapo mto Kafue. Samaki walielea, mahindi ya ukingoni yaliungua, mji wa Kitwe ukakatiwa maji. Serikali ilituma hata ndege za jeshi la anga kumwaga chokaa mtoni. Chokaa ikimwagwa hivyo inafanya kazi yake: uchachu unapungua, na madini mengi yaliyoyeyuka yanaganda na kushuka. Lakini kushuka ni kushuka tu. Yanalala kwenye matope ya chini ya mto, na matope yakitibuliwa au maji yakichachuka tena, yanaamka. Agosti mwaka huohuo, miezi sita baadaye, ubalozi wa Marekani uliwaondoa watumishi wake eneo la Chambishi kwa hofu ya uchafuzi huo. Kwa hiyo mtu akikuletea kipimo cha pH 7 cha maji ya kijito na kusema yamekwisha, mwulize matope yana nini.

Tuje kwenye mambo ya nyumbani, maana najua huko ndiko hatari inakoingilia. Kuchemsha maji haya hakusaidii. Moto unaua vijidudu. Asidi, alumini na shaba haviondoki, tena maji yakipungua kwenye sufuria vinazidi kuwa vingi. Sufuria za alumini zenyewe huliwa na maji makali, na vivyo hivyo mabati na mabomba ya chuma ya pampu. Msitie dawa ya klorini, javeli au Jik, kwenye maji mnayoyashuku kuwa na asidi nyingi, kwa sababu asidi huitoa klorini kama hewa ya sumu ndani ya chumba. Mifugo isinyweshwe pale. Watoto wasiende kuchota udongo wa rangi pale lilipoangukia lori, hata kama unaonekana mkavu na mzuri.

Udongo huo wa rangi una habari yake. Kiangazi kinapoendelea, maji ya ndani ya ardhi hupanda juu na kukauka, yakiacha ukoko wa chumvi, mweupe au wa manjano. Ukoko huo si chumvi ya kawaida. Ni salfeti za alumini na chuma, na ndani yake uchachu umehifadhiwa kama akiba. Mvua za kwanza zikinyesha, unayeyuka wote kwa siku mbili tatu na kushuka kijitoni kwa pamoja. Basi Oktoba au Novemba kijito kinaweza kuchachuka upya, na wenyeji wakadhani lori jingine limepinduka. Mkiona ukoko kuanzia Julai, ukwangueni kwa jembe mkiwa mmevaa viatu na glavu, mkauchanganye na chokaa shimoni mbali na maji. Usiachwe usubiri mvua.

Kisima kina tabia tofauti na kijito. Maji ya chini ya ardhi hutembea polepole, katika udongo wa namna ile mara nyingi mita chache hadi makumi machache kwa mwaka. Mita 80 zinaweza kuchukua miaka. Ndiyo maana majibu mazuri ya mwezi huu si cheti. Lakini kuna kitu kinachotangulia. Salfeti, ile sehemu ya asidi inayobaki baada ya uchachu kuliwa, haishikwi sana na udongo, inakwenda karibu sawa na mwendo wa maji. Uchachu wenyewe na madini huja nyuma, kobalti na manganizi kabla ya shaba, risasi mwishoni. Hivyo salfeti ikianza kupanda kisimani, mmepata onyo mapema, wakati maji bado yananyweka. Kuna kifaa kidogo cha kushika mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Hakitaji salfeti kwa jina, lakini chumvi zikiongezeka kinaonyesha. Kijiji kikichanga kununua kimoja, mtu mmoja apime kisima kila wiki na kuandika kwenye daftari. Namba ikipanda wiki tatu mfululizo, pelekeni maji maabara. Huko, kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka shaba isizidi miligramu 2 kwa lita, na risasi isizidi miligramu 0.01. Salfeti ikipita miligramu 250 ulimi unaanza kuionja. Ikiwa nyingi zaidi inaendesha tumbo.

Kuhusu kulitibu shamba, malighafi iko mlangoni kwenu. Mawe ya chokaa ya Kakontwe yako hapohapo Likasi. Kinachotakiwa ni unga wake, laini kama unga wa mahindi wa kusaga mara mbili. Mawe makubwa au kokoto hayafai. Asidi ya salfuriki ikiligusa jiwe la chokaa huliviringishia ganda la jasi, na ndani jiwe linabaki zima bila kazi. Chokaa iliyochomwa ambayo haijazimwa msiiguse, inaunguza ngozi na macho, na ikizidi inapandisha pH hadi kuua kile kilichoponea. Magadi au soda siyashauri shambani. Yanaua asidi kweli, lakini yanajaza udongo sodiamu na kuufanya ugande. Jivu la kuni ni zuri kwa bustani ndogo, ila si mbadala wa tani saba.

Tani saba nazitaja kwa makusudi. Ukiondoa kile ambacho ile mifuko 40 ingeweza kuua, asidi iliyobaki ilihitaji unga safi wa mawe ya chokaa wa tani saba na kidogo. Sehemu ya uchachu huo imeshapotelea kijitoni, sawa, lakini mnadai pia kalsiamu mliyopoteza, kwa hiyo kiasi hicho ni mahali pa haki pa kuanzia mazungumzo. Msikubali kuimwaga yote kwa siku moja. Pimeni udongo kwanza, katika kina cha sentimita 20 na cha sentimita 50. Tieni nusu, ichimbiwe kwa jembe hadi sentimita 20, ikae na mvua. Pimeni tena, ongezeni. Chokaa inayoachwa juu hushuka sentimita moja au mbili tu kwa mwaka, na asidi ilikwenda chini zaidi ya hapo. Shabaha ni pH kati ya 5.5 na 6. Juu ya 5.5 alumini hujifunga tena yenyewe. Msifukuzie 7, katika udongo mwekundu mkifika huko zinki na manganizi zinaanza kukosekana kwa mimea. Na lile jasi linalotokea asidi inapokutana na chokaa lisiwatishe. Huyeyuka kidogo kidogo, hupeleka kalsiamu chini kwenye mizizi mirefu, kazi ambayo unga wa chokaa hauiwezi. Samadi na mboji nyingi pia, maana hushika alumini na shaba.

Mpande nini wakati huo? Mtaambiwa muhogo, na ni kweli muhogo huvumilia uchachu ambao mahindi hayauwezi, achilia mbali maharage, ambayo bakteria wa mizizi yake hufa mapema kabisa. Nanasi na viazi vitamu navyo vinavumilia. Ila kuota si sawa na kulika. Mmea unaostahimili udongo wa asidi unaweza kuwa unakusanya kobalti na risasi kwa utulivu kabisa, na sombe (majani ya muhogo), matembele na lengalenga ni majani, ndiko madini mengi na vumbi hukaa. Kwa ule mkanda wa asidi mimi ningeweka nyasi za vetiva kwanza. Zinahimili uchachu mkali, mizizi yake inashika udongo usiteremke, na hakuna atakayezila. Sehemu nyingine ya shamba, ambayo asidi haikupita, limeni kama kawaida. Majirani wakikataa mahindi yenu yote kwa sababu ya mkanda mmoja watakuwa wanawaonea.

Pale penyewe lilipoangukia tangi, ambapo nyasi ziligeuka nyeusi kama zilizopigwa moto, usitarajie chokaa iparudishe haraka. Asidi ya asilimia 98 hunyonya maji kutoka kwenye kila kilicho hai na kuacha kaboni. Mboji yote ya udongo imeteketea. Hapo dai linalofaa ni kuchimba udongo huo na kuleta mwingine.

Nimeulizwa pia na wasomaji wa Mbeya na Songwe kuhusu malori ya salfa, ule unga wa manjano unaopakuliwa bandari ya Dar es Salaam, mwingi wake ukitoka Ghuba, na kupelekwa huko kwenu kuchomwa na kuwa asidi. Salfa ikimwagika haiunguzi, ndiyo maana watu huichukulia mzaha. Lakini bakteria wa udongo huibadilisha polepole, na tani moja ya salfa ikibadilishwa yote hutoa tani tatu za asidi ya salfuriki. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi, ambao wameinyunyiza miaka mingi dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, udongo wao umeonyesha jambo hilo hasa kwenye mchanga wa uwanda wa Makonde. Salfa ikimwagika, izolewe yote ikiwa kavu, siku hiyohiyo. Asidi ya maji haizoleki, ila huzuiwa kwa tuta la udongo mkavu kabla haijafika kijitoni, tena watu wakikaa upande wa juu na upepo ukiwa mgongoni. Februari 2019, kwenye barabara yenu hiyo ya Kolwezi na Lubumbashi, lori la asidi liligongana na magari mengine karibu na kijiji cha Kabwe na watu karibu 20 walikufa. Msitume vijana na ndoo. Na msimwage maji kidogo juu ya asidi iliyotuama. Inachemka na kuruka usoni.

Mkienda kuchukua sampuli, chukueni na ile ya juu ya ajali, maji na udongo ambao asidi haikuufikia, mahali pa udongo wa aina ileile. Bila hiyo, mwenye mzigo atasema shaba yenu ni ya asili na uchachu wenu ni wa zamani, na kwa sehemu atakuwa anasema kweli. Tumieni chupa za plastiki mpya zilizosuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale yanayopimwa, zijazwe mpaka juu, ziandikwe tarehe, saa na mahali, na mtu wa serikali ya mtaa ashuhudie. Matope ya kijito yachotwe kwa kijiko cha plastiki, siyo cha chuma.

Samaki watarudi wenyewe kama sehemu ya juu ya kijito bado iko hai, lakini wadudu wa majini hutangulia. Geuzeni mawe ya kijitoni kila mwezi. Mkiona konokono, ambao magamba yao ni chokaa tupu na hawawezi kukaa kwenye uchachu, mambo yanatengemaa. Hapo ndipo mjaribu vifaranga vya perege kumi na tano au ishirini ndani ya kizimba kidogo cha wavu, kambale msiwatumie kwa jaribio hili kwa kuwa huvumilia maji mabovu na watawadanganya. Vifaranga viwekwe Desemba, baada ya mvua za kwanza kuyeyusha chumvi za kiangazi. Wakiwekwa Juni watanenepa vizuri tu, na haitakuwa imethibitisha kitu.